Pedi Isiyoonekana: Somo la Kuchunguza Breki Zinazolika Bila Usawa

Somo letu la usalama barabarani safari hii linahusu kipande kidogo cha gari ambacho abiria hakioni, mwenye gari hukikumbuka siku ya kulipa, na dereva hukitambua kinapoanza kulia. Ni pedi ya breki. Ndugu zetu waliotoka Kongo na Burundi huiita plaketi, na breki yenyewe huiita freni. Katika maduka ya vipuri ya Mbarara utasikia brekipadi. Majina ni matatu, kitu ni kimoja. Hapa tutatumia neno pedi, ili fundi wa Base Camp na muuza vipuri wa mjini waelewane.

Huenda msomaji akauliza polisi wana shughuli gani na spana. Zipo shughuli mbili. Ya kwanza inajulikana: baada ya ajali mbaya, gari hukaguliwa na mkaguzi wa magari wa polisi, naye huandika taarifa kuhusu hali ya breki, usukani, taa na matairi. Taarifa hiyo huweza kumtia dereva matatani au kumtoa. Ya pili haisemwi sana, nayo ni ugomvi. Tuchukue mfano. Mwenye gari anayeishi Mbarara ananunua pedi mpya. Fundi wa Nakivale anazifunga. Baada ya wiki sita upande mmoja umekwisha hadi chuma kinasaga chuma. Mwenye gari anasema fundi ameuza pedi zake na kufunga kuukuu. Fundi anasema pedi zilikuwa bandia. Dereva anatuhumiwa na wote wawili kwamba anakanyaga breki ovyo. Ikiwa watu hao ni wa mataifa tofauti, maneno huota mbawa upesi, na kabla ya jioni shauri la vipuri limekuwa shauri la wakimbizi na wenyeji. Kumbe mara nyingi wote watatu hawana hatia, na mkosaji ni pini ya chuma yenye urefu wa kidole iliyogoma kuteleza.

Pedi kuukuu zikisomwa vizuri huweza kumaliza ugomvi wa namna hiyo. Tatizo ni kwamba kwa kawaida hutupwa kichakani siku ileile zinapofunguliwa.

Shinikizo ni sawa, ulaji si sawa

Dereva anapokanyaga breki, silinda kuu husukuma mafuta ya breki kupitia mabomba hadi kwenye magurudumu. Mafuta hayo hayasinyai yakibanwa; kwa hiyo, mfumo ukiwa mzima, shinikizo linalofika gurudumu la mbele la kushoto ni sawa na linalofika la kulia. Jambo hili ndilo ufunguo wa somo zima. Ikiwa shinikizo lililotumwa ni moja na pedi zimelika tofauti, basi kuna kitu kilichozuiwa kwenda au kilichozuiwa kurudi.

Katika magari mengi madogo ya abiria, gurudumu la mbele lina diski ya chuma inayozunguka pamoja na tairi. Diski imekumbatiwa na kalipa, yaani mkono mzito wa chuma unaobeba pedi mbili: moja ndani, upande wa uvungu wa gari, na moja nje, upande wa rimu. Pistoni ipo upande wa ndani tu. Inaposukumwa na mafuta, huigandamiza pedi ya ndani kwenye diski. Kisha kalipa yenyewe, kwa kuwa huelea juu ya pini mbili, hujivuta kuelekea ndani na kuileta pedi ya nje ibane nayo. Pini zisipoteleza, pedi moja hufanya kazi ya mbili.

Kurudi kwake ni kwa ajabu zaidi. Hakuna springi inayoivuta pistoni. Kinachoirudisha ni sili ya mpira iliyoizunguka: pistoni inapotoka, sili hujipinda pamoja nayo, mguu ukiondolewa, sili hujinyoosha na kuirudisha pistoni kwa sehemu ndogo ya milimita. Nafasi hiyo ndogo ndiyo tofauti kati ya breki iliyoachia na breki inayoburuza. Sili ikikauka kwa uzee, au pistoni ikiota kutu, pedi hubaki imeegemea diski safari nzima, dereva asijue.

Mazingira yetu huyaharakisha hayo yote. Barabara ya Mbarara kwenda Kikagati ina lami, lakini anayezunguka ndani ya Nakivale, iwe Juru, Rubondo au Base Camp, hutembea juu ya marramu. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu huingia kila palipo na ufa. Wakati wa mvua tope hufika hadi kwenye pini. Mfuniko wa mpira unaozikinga pini ukichanika, vumbi huchanganyika na grisi na kugeuka kitu kigumu kama udongo wa tanuri. Isingiro nayo ni wilaya ya ndizi na ya vilima, na gari lililotengenezewa abiria hushuka mteremko likiwa na abiria, mizigo yao na mikungu ya matoke juu. Tena magari yenyewe si machanga. Sheria ya mwaka 2018 ilizuia kuingiza nchini magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa, lakini yale yaliyokwisha kuingia bado yapo kazini, na sili zake zimezeeka pamoja nayo.

Kile ambacho jicho halikioni

Mtu akichungulia katikati ya matundu ya rimu huiona pedi ya nje. Akiiona nene, huridhika. Pedi ya ndani imefichwa na diski, na ndiyo inayogusana na pistoni. Mara nyingi ndiyo inayoisha kwanza. Ukaguzi wa haraka wa kando ya barabara, hata ukifanywa na askari, una udhaifu huohuo. Askari anaweza kuliruhusu gari liende kwa kuwa pedi aliyoiona ni nzuri, kumbe ile iliyo upande wa pili imebaki bamba tupu.

Kuna watakaosema kwamba pedi ikiisha italia. Ni kweli kwamba pedi nyingi huwekewa kipande chembamba cha bati ambacho hugusa diski na kupiga mluzi pedi inapokaribia kwisha. Lakini aghalabu kipande hicho huwekwa kwenye pedi moja tu katika kila gurudumu, na katika magari mengi huwa ile ya ndani. Pini zikikwama kwa namna inayoifanya pedi ya nje iishe kwanza, mluzi hautalia kamwe. Sauti ya kwanza utakayoisikia ni ya bamba la chuma likichimba diski. Na katika pedi za bei ya chini kipande hicho huenda kisiwepo kabisa.

Dalili nyingine inayofichwa ni mafuta ya breki. Kadiri pedi zinavyolika, pistoni husogea mbele, na kiwango cha mafuta kwenye chupa yake hushuka taratibu. Dereva anayeongeza mafuta kila akiona yamepungua, bila kufungua gurudumu, anafuta ujumbe kabla ya kuusoma. Mafuta yakishuka, kuna mambo mawili tu: ama yanavuja, ama pedi zimelika. Yote mawili yanataka gari lisimame.

Kupima

Kazi hii ifanyike mahali tambarare. Gari liwekewe mawe au magogo kwenye magurudumu yasiyonyanyuliwa. Ardhi ya makazi ni laini baada ya mvua, hivyo jeki iwekwe juu ya ubao mpana, na baada ya kunyanyua gari liegemezwe juu ya stendi za chuma. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Hili halina mjadala.

Fungua magurudumu yote mawili ya mbele, hata kama lalamiko ni la upande mmoja. Toa pedi zote nne na uziandike kwa chaki au wino: kushoto ndani, kushoto nje, kulia ndani, kulia nje. Kushoto na kulia ni vya mtu aliyeketi kwenye kiti cha dereva akitazama mbele. Fundi aliyesimama mbele ya gari huona kinyume, na makosa mengi huanzia hapo. Kisha pima unene wa liningi, yaani ule utando mgumu unaosuguana na diski, bila kuhesabu bamba la chuma lililoubeba. Rula ya mwanafunzi inatosha. Pedi mpya aghalabu huwa na liningi ya milimita 10 hadi 12. Ikifika milimita 3, wakati wake umekwisha. Tofauti ya nusu milimita au hata milimita moja kati ya pedi na pedi ni ya kawaida. Tofauti ya milimita 2 au zaidi inataka maelezo, na kubadilisha pedi peke yake si maelezo.

Pima kila pedi mahali panne, kwenye pembe zake, kwa sababu pedi inaweza kuwa nene juu na nyembamba chini. Kisha andika namba zote kwenye karatasi kabla ya kugusa kitu kingine.

Kusoma namba

Tuseme karatasi inaonyesha kushoto ndani milimita 2, kushoto nje 7, kulia ndani 6, kulia nje 6. Upande wa kulia hauna neno. Kushoto, pedi ya ndani imebeba mzigo peke yake. Sababu ni moja kati ya mbili: pistoni haikurudi, au kalipa haikuteleza kuileta pedi ya nje. Namba haziwezi kukuambia ni ipi, mkono utakuambia. Shika kalipa na uisukume huku na huku kwenye pini zake. Iteleze kwa mkono bila nyundo. Ikigoma, chomoa pini: utaikuta ina kutu, au grisi iliyokauka, au mpira uliovimba. Kalipa ikiteleza vizuri, geukia pistoni. Weka pedi kuukuu mbele yake na uirudishe taratibu kwa klampu, huku ukiangalia chupa ya mafuta isifurike. Pistoni nzima hurudi kwa mgandamizo wa utulivu. Inayodai nguvu za kupigana nayo imekwisha kuota kutu. Tahadhari moja: baadhi ya kalipa za nyuma zilizounganishwa na breki ya mkono zina pistoni inayorudi kwa kuzungushwa kama skrubu, ukiisukuma kwa nguvu utaivunja.

Ikiwa pedi ya nje ndiyo iliyolika zaidi, shaka iende moja kwa moja kwenye pini na sehemu za kuteleza. Pistoni imerudi, lakini kalipa imebaki ilipokuwa na inaendelea kuiegemeza pedi ya nje kwenye diski.

Pedi yenye umbo la kabari, nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, husema kwamba pini moja inateleza na nyenzake imekwama, au kwamba masikio ya pedi yamekazwa na kutu ndani ya fremu yake. Kabari ndogo sana huweza kutokea hata katika breki nzima, kwa kuwa ukingo unaopokea diski kwanza huumwa zaidi. Kabari inayoonekana kwa jicho la mtu aliyesimama ni ugonjwa.

Sasa chukua karatasi nyingine: kushoto ndani 3, kushoto nje 3, kulia ndani 9, kulia nje 9. Hapa wengi hukosea, nami naomba msomaji asiharakishe. Kila gurudumu peke yake lina usawa, hivyo pini si za kulaumiwa. Tofauti ipo kati ya upande na upande. Mwenye gari akiziona pedi za kulia hufurahi kwamba bado ni nzima na huagiza za kushoto tu. Lakini pedi nene nazo zinaweza kuwa ndizo mgonjwa. Huenda pistoni ya kulia imeganda ndani na haisukumi kitu, na breki yote ya mbele imekuwa ikifanywa na upande wa kushoto. Gari hilo lina nusu ya breki ambayo mnunuzi wake aliilipia.

Namna ya kutofautisha ni joto. Endesha gari kilomita chache ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, simama taratibu, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Kushoto kukiwa na joto kali ilhali hukukanyaga breki, breki ya kushoto inaburuza. Yote yakiwa ya baridi, rudia safari na usimame mara kadhaa. Kushoto kukipata moto na kulia kukabaki baridi, breki ya kulia haifanyi kazi. Usimwagie maji diski yenye moto ili kuipoza, maana inaweza kupinda au kupasuka.

Usukani nao una ushahidi, mradi upepo wa matairi uwe umepimwa kwanza. Gari linalovuta upande mmoja dereva anapokanyaga breki linaelekea upande unaobana zaidi. Linalovuta upande mmoja bila breki kukanyagwa huenda lina breki inayoburuza upande huo. Kwa wakazi wa mpakani jambo hili lina uzito wa pekee. Uganda na Tanzania huendesha kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia. Gari linalovuta kulia likifunga breki huko Goma humtupa dereva kandokando ya barabara. Gari hilohilo, likifunga breki kwenye kona ya barabara ya Kikagati, humpeleka uso kwa uso na lori linalopanda kutoka daraja la Murongo. Dereva aliyeizoea kasoro hiyo ng'ambo, akajifunza kuirekebisha kwa mkono, ajue kwamba hapa mazoea hayo hayamlindi.

Hozi inayodanganya

Kuna kisa kimoja kinachowashinda mafundi wengi: pini zimesafishwa, pistoni inarudi vizuri kwa klampu, pedi ni mpya, na bado gurudumu moja linaburuza baada ya safari ya nusu saa. Mwenye gari huambiwa anunue kalipa nzima, kitu cha ghali, naye akishanunua tatizo hubaki palepale. Hapo ndipo fundi huitwa mwizi.

Mara nyingi mkosaji ni hozi, ule mrija wa mpira unaounganisha bomba la chuma na kalipa. Kwa nje huonekana mzima. Ndani, mpira umevimba au umebanduka na kuwa kama kizibo cha upande mmoja: mguu wa dereva una nguvu za kupitisha mafuta kwenda, lakini mafuta hayana nguvu za kujirudisha. Shinikizo hufungiwa ndani ya kalipa, na pedi zote mbili za gurudumu hilo hubaki zimebana.

Kulithibitisha hakuhitaji chombo cha ghali. Nyanyua gari, kanyaga breki mara chache, achia, na jaribu kulizungusha gurudumu kwa mkono. Likiwa limekwama, fungua kidogo skrubu ya kutolea hewa kwenye kalipa. Gurudumu likibaki limekwama hata baada ya mafuta kutoka, tatizo ni la chuma: pistoni, pini au pedi iliyobanwa kwenye fremu. Gurudumu likiachia mara moja, tatizo ni shinikizo lililofungwa. Funga skrubu, kanyaga tena ili likwame, kisha legeza kiungo kilicho juu ya hozi, pale bomba la chuma linapoishia. Likiachia hapo, hozi ni nzima na kizuizi kipo juu zaidi, huenda kwenye silinda kuu. Lisipoachia hapo, na likaachia kwenye skrubu ya kalipa, hozi ndiyo iliyoziba. Hozi zibadilishwe kushoto na kulia pamoja, kwa kuwa zimezeeka pamoja. Baada ya jaribio hili lazima hewa itolewe kwenye mfumo mzima kabla ya gari kwenda popote.

Magurudumu yote mawili ya mbele yakiburuza kwa pamoja, usianze na kalipa. Tazama pedeli: inatakiwa iwe na nafasi ndogo ya kuchezea kabla ya kuanza kusukuma silinda kuu. Nafasi hiyo ikikosekana, mfumo hauachii kamwe.

Kuhusu breki za nyuma nitasema kwa ufupi. Magari mengi yana ngoma nyuma badala ya diski, na ndani ya ngoma kiatu kinachopokea mzunguko kwanza hulika zaidi ya mwenzake. Hiyo si kasoro. Pedi za mbele kuisha kabla ya nyuma nako ni kawaida, kwa sababu uzito wa gari huelekea mbele linaposimama. Za nyuma zikiisha mapema mno, anza na waya wa breki ya mkono: mara nyingi umekaza na haurudi.

Je, pedi bandia?

Zipo, na hatutazitetea. Lakini pedi mbovu hulika haraka kila upande, ndani na nje, kushoto na kulia, kwa kuwa zote zimetoka boksi moja. Pedi iliyoisha peke yake huku wenzake wa boksi lilelile wakiwa wazima haithibitishi ubandia. Isipokuwa fundi alichanganya maboksi mawili, au pedi hazikuwa za gari hilo: pedi pana kuliko diski huacha ukingo usiolika, kama ngazi ndogo pembeni, na alama hiyo haifutiki. Ndiyo maana tunawaomba wenye magari na mafundi wazihifadhi pedi kuukuu, zikiwa na maandishi yake, pamoja na karatasi ya vipimo na risiti ya dukani, angalau hadi matengenezo yafuatayo. Shauri likifika kituoni, vitu hivyo vitatu vina nguvu kuliko viapo vya watu kumi.

Matengenezo na mazoea ya kuachwa

Chanzo kikishajulikana, kazi yenyewe si ngumu. Pini zisafishwe hadi chuma kionekane. Zenye mashimo ya kutu zibadilishwe. Katika kalipa nyingi pini ya juu na ya chini hazifanani, moja ina mpira kwenye ncha yake, zisibadilishane mahali. Zipakwe grisi ya silikoni inayotengenezwa kwa ajili ya breki. Grisi ya kawaida, ile ya bearingi, huvimbisha mpira wa pini, na baada ya miezi michache pini hukwama zaidi ya mwanzo. Kwa sababu hiyohiyo petroli, dizeli na mafuta ya taa visitumike kuoshea pistoni na sili. Tumia kisafishio cha breki au mafuta ya breki yenyewe. Kalipa isining'inizwe kwenye hozi yake, ifungwe kwa waya. Vumbi la pedi lisipulizwe kwa pumzi wala kwa kompresa, kwani baadhi ya pedi huwa na asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Lilowanishwe na lipanguswe kwa kitambaa cha kutupwa.

Wapo wanaoongeza maji ya sabuni kwenye mfumo wa breki ili wafike mjini. Tunalisema kwa uwazi kwa sababu linaua. Mafuta ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi joto 205 za Selsiasi, na DOT 4 kabla ya 230. Yakishanyonya unyevu hushuka hadi kukaribia 140 na 155. Maji huchemka kwa 100. Pedi inayoburuza kwenye mteremko mrefu hupasha kalipa moto. Kilichomo ndani kikichemka hugeuka mvuke, mvuke husinyaa ukibanwa, na pedeli huenda hadi sakafuni bila gari kupunguza mwendo. Mafuta halisi nayo yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi.

Pedi zibadilishwe kwa ekseli nzima, kushoto na kulia kwa pamoja. Diski ipimwe unene; kiwango cha chini mara nyingi kimechongwa kwenye diski yenyewe. Kazi ikiisha, kabla ya gari kusogea hata hatua moja, pedeli ikanyagwe mara kadhaa hadi iwe ngumu. Pistoni iliyorudishwa ndani ipo mbali na pedi, na kukanyaga kwa mara ya kwanza hakutashika kitu.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya mwaka 1998 haimruhusu mtu kuendesha gari lenye hali mbovu ya kimitambo. Madereva wamezoea kuliita DMC. Dereva aliyeajiriwa asifikiri kwamba neno la mwenye gari, "Nenda tu, tutatengeneza Jumamosi," litamkinga. Amjulishe mwenye gari kwa ujumbe wa simu unaobaki, na gari lisimame. Abiria naye asione haya. Akisikia chuma kikisaga au akinusa harufu ya kuungua baada ya mteremko, aseme, "Dereva, tafadhali simama tuangalie breki," na akipuuzwa ashuke mahali salama na apige 999 au 112. Wito huo hupokelewa kutoka kwa raia na mkimbizi vilevile.

Baada ya pedi mpya kufungwa, kwa kilomita 200 au 300 za mwanzo dereva asimame mapema na kwa upole ili pedi na diski zizoeane. Zikifika kilomita 1,000, magurudumu ya mbele yafunguliwe tena na pedi zote nne zipimwe, namba zikiandikwa chini ya zile za mwanzo kwenye karatasi ileile. Kupungua kukiwa sawa pande zote, karatasi irudi kwenye sanduku la gari. Pedi mbili za gurudumu moja zikiwa zimeanza tena kupungua upesi kuliko za gurudumu la pili, na pini zinateleza, jaribio la hozi lifanywe siku hiyohiyo.